Ncha za Mkanda wa Otilia

Singe, Babati,
Mkoa wa Manyara.
9 Juni 2003

Mpendwa mume wangu Marcelino,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Imechelewa kwa sababu uliandika "Babati, Arusha" juu ya bahasha. Sisi sasa ni Manyara, tuna mkoa wetu, na gari la mkuu wa mkoa lenye bendera linatupulizia vumbi kila siku. Kijana uliyesoma huna habari! Andika vizuri.

Wewe hujambo? Mkeo Jacqueline na mtoto hawajambo? Joto la Lindi mmelizoea? Mimi miguu inauma lakini natembea. Maharage tumeng'oa, mahindi bado hayajakauka.

Sasa nisikilize. Barua hii naandika mwenyewe, kwa herufi zangu za kisomo cha watu wazima. Sikumpa mtu aniandikie, kwa sababu habari ni za mama yako.

Ulisikia kwamba Otilia ana mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimtoka ubavuni, yakazunguka kwenda mgongoni, akawa anaungua kama amemwagiwa uji wa moto. Unajua tunavyosema huku: mkanda ukizunguka mwili ncha zikakutana, mtu amekwisha. Basi kila asubuhi nilimfunua nguo nikatazama ncha. Mama Evelyne jirani anapiga kelele kutoka uani kwake, "Rosa, zimekutana?" Namjibu, "Hazijakutana, na wewe nenda kawasongee wanao ugali!"

Hazikukutana. Zilikauka. Nikamchinjia jogoo, nikasema binti yangu ameushinda.

Marcelino, tulikuwa tunalinda mlango ambao mwizi hapiti. Baada ya Pasaka ukatoka tena, shingoni, ukapanda mpaka jichoni. Safari hii haukauki. Vidonda vinatoa maji mpaka leo, na jicho hilo halioni.

Mjomba wako Theodori alimpakia kwenye baiskeli, mimi nikamshika kwa nyuma, tukafika hospitali. Daktari ni kijana, akaanza kuzungukazunguka: "Bibi, kinga ya mwili imeshuka." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaa na nimezika. Taja." Akataja. Ni ukimwi. Hapa mjini wanasema amekanyaga waya, halafu wanacheka. Mimi naandika jina lake, sioni haja ya kulivalisha nguo.

Akanieleza kwamba mdudu wa mkanda ni yule yule wa tetekuwanga iliyompata akiwa mtoto. Mimi nilidhani iliisha. Kumbe mdudu hakutoka, alilala mwilini miaka yote hiyo, na kinga ilipoanguka akaamka. Ukimkausha huku anatokea kule, hakuna askari wa kumrudisha. Nikauliza dawa ya kuinua kinga iko wapi. Akasema huku kwetu bado. Nikauliza lini. Akaita mgonjwa mwingine.

Kuna mtu wa Mutuka alituletea majani ya kupaka, nimeyatupa, yalimchoma bure. Padri amempaka mafuta ya wagonjwa. Chakula hali. Anakunywa uji kijiko kimoja kimoja, na kila akimeza anafumba lile jicho zima. Nasali, lakini sitakudanganya mume wangu: nasali kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Na wewe umekaa huko unatuma "poleni" kwa makondakta wa mabasi! Pole haigeuzi mgonjwa kitandani. Unaogopa nini? Mimi namuosha kila siku, na bado nakula na nafoka. Mama yako hakukuzaa kwa salamu.

Msalimie Jacqueline, na baba mkwe wako Severini. Mpakate mtoto kwa niaba yangu. Theodori anakusalimu. Mungu akulinde njiani, maana nataka uwe njiani.

Otilia ameniuliza sasa hivi naandika nini. Amesema nikuandikie kwamba amepona, usije ukaacha kazi kwa ajili yake. Nimemwambia ndivyo nilivyoandika. Amefurahi, amegeukia ukutani, amelala.

Panda basi.

Wako akupendaye, bibi yako na mke wako wa kwanza,
Rosa