Rungu la Askofu Gosselin

Kwa dada yangu Hersende,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe na wanao, na mama mkwe wako kama bado yu hai. Natumaini baridi haijakishika tena kile kifua chako. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi. Barua yako niliipata siku ya Mtakatifu Martino. Ilikuwa mistari mitatu tu, lakini baada ya miaka tisa ya kimya, mistari mitatu ni mingi. Ahsante.

Umeuliza kama ni kweli Askofu amefariki. Ni kweli. Alikufa kitandani kwa homa ya siku nne, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Sikulia. Nilijaribu, maana wenzangu walikuwa wananitazama, lakini macho yalikataa.

Hukuwahi kumwona, basi nikueleze kidogo. Alikuwa mtoto wa pili. Ngome ilikwenda kwa kaka yake, kanisa likaja kwake, akapewa uaskofu akiwa na miaka ishirini na sita bila mtu kumuuliza kama anazijua zaburi. Alikuwa pande la mtu, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Wapishi walimtania kwamba misa yake huisha kabla yai halijaiva, kwa kuwa farasi amekwisha tandikwa mlangoni. Aliwajibu kwamba Mungu si kiziwi, haambiwi jambo mara mbili. Watu walimpenda, na walikuwa na haki. Watu wa Kabaila, bwana wa upande wenu, walipochoma maghala yetu, mapadri wengine walijifungia kanisani. Yeye alivaa deraya juu ya kanzu akatoka.

Ila mtu wa altare haruhusiwi kumwaga damu. Kwa hiyo hakubeba upanga, alibeba rungu la chuma, akisema kwamba rungu huvunja tu, halimwagi. Na aliyevunjwa asipoinuka, lazima apatikane mtu asiye padri wa kukibeba kifo hicho kwa jina lake. Mtu huyo nilikuwa mimi, mbeba silaha wake. Jioni makarani walipouliza nani kamwangusha nani, Askofu alininyooshea kidole, nami nikasema ndiyo, ni mimi. Kwa kila mmoja nilipewa kitubio cha siku arobaini za mkate na maji. Watu kumi na mmoja kwa miaka kumi na minne. Nimefunga sana, Hersende. Wauza samaki wananiita Ansel Mvunja Mifupa na kunipisha njia, na mimi sijawahi kumpiga mtu hata mmoja.

Siku ya mwisho padri alimuuliza kama ana kifo cha mtu yeyote juu yake. Alisema hana. Kisha akanitazama kwa huruma, akamwomba padri asiwe mkali kwa Ansel, kwani kijana ana mkono mzito. Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameamini zamani. Nilikuwa nimepiga magoti nimeshika mshumaa, nikaitikia amina. Sasa fundi anachonga kwenye jiwe la kaburi kwamba hapa amelala mchungaji asiyemwaga damu.

Nije kwenye ombi lako. Unasema umesikia kwamba pale darajani si mimi niliyemuua mumeo Thierry, bali Askofu. Na kwamba nikiapa kuwa si mkono wangu, mlango uko wazi na nitapata kiti mezani Krismasi. Naweza kuapa. Ningeandika hayo tu na kufunga barua.

Lakini ilikuwa hivi. Farasi wa Thierry alikuwa ameanguka. Yeye alikuwa amepiga magoti kwenye tope, amevua kofia ya chuma apate hewa. Unajua desturi: anayejulikana hutekwa akangoja kukombolewa kwa fedha na watu wake, asiyejulikana hana wa kumkomboa. Thierry aliponiona alicheka, dada yangu, alicheka kwa kupona. Akaita, “Shemeji! Mwambie Baba Askofu atulize mkono!” Askofu alisita, rungu likiwa juu, akaniuliza kama namjua mtu huyu. Nikamwambia simjui, na kwamba kila anayeanguka huwa ana shemeji upande wa pili. Askofu akaguna kwa kicheko. Kisha akashusha.

Asubuhi ile alikuwa amenitania mbele ya wote kwamba nina jamaa kwa Kabaila, akauliza usiku nitakula chakula cha nani. Wote walicheka, nikaona aibu. Ni hilo tu. Kwa miaka tisa nimetafuta sababu kubwa zaidi na sijaipata.

Kwa wale kumi nilifunga bure. Zile siku arobaini za Thierry ndizo zilizokuwa zangu, na sikusikia njaa.

Kiapo ulichotaka nimekiandika kwenye karatasi ya pembeni, maana ni cha kweli: mkono wangu haukumgusa. Watoto wakiuliza, waonyeshe hicho. Barua hii ni yako peke yako. Kiti cha Krismasi usikiweke.

Wasalimie wanao. Mpake mama mkwe mafuta ya jozi miguuni, yanamfaa wakati wa baridi.

Ni mimi kaka yako,
Ansel, shemeji yake Thierry.