Nilisema Lizibueni

Baba Kulwa,

Padri kaniambia nisiende kupokea komunyo huku nimekununia. Nikamwambia, Padri, mtu mwenyewe yuko kaburini, nitapatana naye vipi? Akasema, mwandikie, mwambie yote. Basi nakuandikia. Maharage yako motoni, wanao wako shule, na mimi nina hasira na wewe tangu tulipoanua matanga. Tangu kabla ya hapo, nisimdanganye Mungu.

Ni kile chumba cha chini.

Ulipoanza kukichimba chini ya nyumba, ubavuni mwa mlima, nilikupenda upya. Ulisema mama yako, Mayu, hawezi kuendelea kukaa Usagara kwa watu, akilala chumba kimoja na magunia ya pamba na mbuzi anayenyonyesha. Na kwetu huku juu hawezi kupanda, maana magoti yamekwisha, na nyumba yetu imekaa kwenye mawe kama kiota cha mwewe. Hata mgeni mwenye miguu mizima anafika anahema. Ukasema, "Mayu atakaa chini. Akifungua mlango yuko njiani, anaota jua, anasalimiana na watu wanaokwenda Mkuyuni." Maneno matamu. Halafu mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine, Mayu bado yuko na mbuzi.

Nilikuambia ita fundi. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikasema mbele ya wanajumuiya mpaka ukaona haya. Jibu lako moja tu: "Mafundi wezi. Ukimpa saruji, nusu inaota miguu." Ukaponda kokoto mwenyewe. Ukachanganya zege mwenyewe. Ukabeba mawe na kifua kile! Nikikusikia unakohoa huko chini nagonga sakafu kwa mwiko, Baba Kulwa, toka huko! Unasema, "Namalizia." Kifua hakikukungoja umalizie.

Na haikuwa habari ya wizi. Unadhani sikujua? Kiwanda kilipopunguza watu, ukarudi nyumbani saa nne asubuhi na taulo lako begani, kitu kikavunjika ndani yako ukakificha. Mwanaume aliyeambiwa hatakiwi kazini, atamwitaje mwanaume mwenzake aje kumfanyia kazi huku yeye amekaa? Ndicho kilichokuwa kinakutafuna. Ungelisema tu, hata mara moja. Ningelia na wewe, tukafuta machozi, halafu ningemwita fundi na wewe ungekuwa hai.

Haya. Ulipoondoka akaja mdogo wako Lukas kutoka dukani kwake, suruali imenyooshwa pasi hadi inakata. "Shemeji," anasema, "siku hizi ni soko huria. Saruji haihitaji kibali, na kila kazi ina mwenyewe. Unalipa, unakunja mikono." Akaniletea mkandarasi. Kijana mnene, ana pikapu, ana kofia ngumu ya plastiki ambayo haivui hata akinywa chai. Wote wanamwita Injinia. Nani alimpa huo uinjinia, sijui.

"Mama, wewe kaa kwenye kiti," akaniambia. "Hii ni kampuni, siyo mafundi wa mtaani." Akaingia chumbani mwako, akagonga kuta zako kwa funguo za gari, akacheka. "Aliyejenga hapa alikuwa fundi wa nini? Wa baiskeli?"

Na Lukas akacheka. Mliyenyonya naye ziwa moja, Baba Kulwa, akacheka.

Mimi nimekusema sana kuhusu kuta zile, nimeziita za kilevi. Lakini mimi ni mkeo, nimefua mashati yako yaliyoganda saruji mpaka vidole vikachubuka. Yule alipata wapi ruhusa? Nilinyamaza kwa ajili ya Mayu. Nilitaka chumba.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloniamsha. Lile jiwe la nyuma, lililokushinda kuvunja ukaamua liwe ukuta: masika linatoka jasho, maji yanashuka humo taratibu kutoka mlimani. Ukalichimbia mfereji chini ya sakafu, na tundu la kutolea maji nje karibu na kizingiti. Hukumwambia mtu. Mimi nililijua kwa sababu kuku wangu walikuwa wanakunywa pale. Tangu uondoke lilijaa tope na manyoya. Kwa hiyo vijana wa Injinia walipofika, nilisimama mlangoni nikawaonyesha kwa kidole, nikasema: "Na lile tundu pale chini, lizibueni."

Wakaliziba.

Wakaliziba kwa saruji, wakapiga lipu, wakapaka rangi ya maziwa juu yake, hata alama huoni. Mimi sikuwaona wakiziba, nilikatazwa kusogea kabla saruji haijakauka. Siku ya kukabidhi, chumba kinang'aa kama sahani ya harusi. Tukaenda kumchukua Mayu. Alipita na mkono ukutani kutoka kona hadi kona, akasema, "Mwanangu angeona." Nikasahau kukukasirikia kwa siku kadhaa. Nakuambia kweli, nilisahau.

Jumapili mvua ikanyesha tukiwa kanisani. Niliporudi, mlango wa chini uko wazi, maji yanatoka ndani kuja nje badala ya kutoka nje kwenda ndani. Sakafu imepasuka katikati, imeinuka kama chapati. Mayu yuko juu ya kitanda, amekunja miguu, amekumbatia begi lake la nguo. Akanitazama, akasema, "Mkamwana, mmeniletea ziwa hadi kitandani. Sasa nyavu ziko wapi?" Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaanza kulia, akasema polepole, "Nirudisheni Usagara. Mbuzi hana maji."

Baba Kulwa, nilitaka kukufukua.

Injinia akaja na kofia yake. Anasema, "Mama, ulisema lizibeni. Vijana wangu wote walisikia." Nikasema nilisema lizibueni. "Lizibeni, mama." Lizibueni! Tukawa tunarushiana kama watoto wa shule ya awali. Na Lukas, badala ya kunitetea, ananiambia kwa sauti ya chini, "Labda, shemeji, unajua Kiswahili chetu cha Kisukuma kinameza meza." Nimeze nini? Ninasoma somo la kwanza kanisani kila mwezi na hakuna aliyewahi kusema nimemeza kitu! Na hata kama ningesema ziba, hata kama ningeimba ziba, mtu mwenye macho haoni tundu lina ukoga wa maji na nyayo za kuku? Angeingiza kidole chake kimoja tu mle ndani angejua. Lakini yeye hakuja kushika kitu. Alikuja kugonga kwa funguo.

Na wewe uliyeingiza mkono mzima hadi begani, wewe uliyejua kila jiwe, ukafa nalo kimya. Kati yenu wawili sijui nimkasirikie nani zaidi. Yeye hakushika, wewe hukusema. Na mama yako akakaa kitandani amekunja miguu.

Injinia alisema kubomoa ni kazi nyingine na mapatano mengine, akawasha pikapu akaenda zake. Lukas akakumbuka dukani hakuna mtu.

Nikachukua mtalimbo wako. Nilivaa ile suruali yako ya kiwandani chini ya kitenge, Mungu anisamehe, nikaanza kupiga kwenye rangi ile ya maziwa. Mayu alikaa kwenye stuli mlangoni, amejifunika shuka, ananitazama.

"Piga kama unampiga yeye," akasema.

"Yeye nani, Mayu?"

"Chagua mwenyewe."

Nilipiga wote. Nilimpiga Injinia, nikampiga Lukas, nikapiga kiwanda, na wewe nikakupiga muda mrefu kuliko wote. Saruji ikatoboka, maji ya tope yakaruka yakanilowesha hadi kifuani, yakashuka njiani yakaenda zake. Mayu akapiga vigelegele. Watu wakasimama njiani kutazama mjane aliyevaa suruali.

Kesho yake nilikwenda Mkuyuni nikamwita Mzee Athumani, yule fundi uliyekuwa unampita kwenye kijiwe chake bila kumtazama usoni. Nilimlipa, Baba Kulwa. Nimeajiri fundi ndani ya chumba chako, sikia huko uliko. Lakini sikukunja mikono. Mchanga nilibeba mimi, maji nilichota mimi, yeye akapanga mawe na kupiga sakafu, na kila asubuhi ananitania kabla hajashika mwiko: "Mama Kulwa, leo tunaziba au tunazibua?" Nusu ya saruji haikuota miguu. Hata mfuko mtupu alinirudishia.

Siku alipoufunua mfereji wako, alichutama akautazama. Akasema, "Kazi ya mtu mmoja hii." Nikasema ndiyo. "Mbona hakuita mtu? Tungekuja. Hata bure tungekuja, wengine nasi tulipunguzwa."

Nilitoka nje nikasimama na karai tupu kichwani.

Hiyo ndiyo hasira yangu, sasa nimeikuta mwisho wake. Si mawe, si sakafu. Ni kwamba walikuwepo watu, hapo chini tu, wenye aibu kama yako, na ulipita bila kuwatazama.

Chumba kimekauka. Mvua mbili kubwa zimepita, maji yanatokea njiani kama ulivyotaka. Kulwa na Doto nimewalazimisha kuingiza mikono mle tunduni, walalamike wasilalamike, ili nyumba hii isiwe tena na kitu kinachojulikana na mtu mmoja. Mayu anakaa mlangoni tangu jua linapotoka, anauza ndizi ambazo hakuna aliyemtuma kuuza, anawagombeza wapita njia wasiosema shikamoo. Jana aliniambia habari ya Usagara kama mtu anayesimulia nchi ya mbali.

Jumapili nitakwenda kupokea, na nitakutolea nia ya misa. Nakuahidi mama yako hatapanda mawe wala hatalala kwa watu maadamu mimi ninapumua. Na wewe niahidi jambo moja huko uliko: usimwombee kuja upesi. Mwache akae kwanza, sakafu bado mpya.

Lala sasa, mume wangu, huna cha kubeba. Hasira nyingine nimekuachia humu kwenye karatasi. Ile kidogo iliyobaki nitakuja nayo mwenyewe.

Ni mimi mkeo,
Mama Kulwa