Kijiko Juu ya Kifuniko

Nyumbani kwetu,
Sebuleni, kwenye kiti cha Baba,
Jumatatu, alasiri.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote nipe hali yako. Mgongo unasemaje? Najua kazi ya uuguzi haina kukaa, na wewe nawe hata ukipewa kiti unakipanguza tu. Shemeji je, kifua kimepoa? Na mwanao, Kibogoyo wangu, meno yameota au bado anautafuna mkate kwa ufizi? Sisi huku tu wazima, tunashukuru. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na nyumba nzima inanukia mbao, maana nimeingiza kazi zangu za useremala ndani zisilowe.

Swali lako nimelipata. Kila ukipiga simu unauliza lilelile: Mama ameingia jikoni? Safari hii ukaongeza kwamba kama bado, mwezi ujao unakuja kumchukua akaishi kwako. Neno hilo lilininyima raha, Dada. Nilishindwa kukujibu kwenye simu kwa sababu Mama alikuwa chumbani na mlango uko wazi. Nakujibu hapa, ila usiniharakishe.

Kweli, tangu Baba atutoke, jikoni hakanyagi. Anaamka, anaoga, anakaa kitandani na kutazama dirisha. Ukimpelekea chakula anadonoa kidogo, anasema, "Nimeshiba, baba," halafu anakurudishia sahani na shukrani nyingi. Zile shukrani ndizo zinazoniumiza. Mama yule wa kututoa jikoni kwa mwiko, leo anashukuru kama mgeni.

Basi juzi nilipita buchani, nikakuta vipande vya bata mzinga: mapaja, mabawa, na kidari kimoja kinene. Nikakumbuka jinsi yeye na Baba walivyokuwa wakimgombania ndege huyo, kila mmoja akitaka kutia viungo vyake. Nikanunua. Mwenye bucha akanionya kwamba nyama hii ina kiburi, usipoilaza kwenye viungo inakauka mdomoni.

Najua unacheka. Ndiyo, mimi, kitindamimba wako, niliyewahi kupika wali ukawa mbichi juu na makaa chini. Lakini wifi yako amenifundisha, na jana Jumapili nilijifunga khanga yake kiunoni nikaingia kazini. Nilichanja vipande kwa kisu, nikaponda kitunguu saumu na tangawizi, nikachanganya na mtindi, maji ya ndimu, pilipili manga na chumvi. Nilivisugua hadi chini ya ngozi kwa utulivu, kama ninavyopiga msasa ubao. Nikavipanga kwenye lile bakuli la bati la maua, nikafunika, nikaliweka kwenye friji. Subira huvuta heri.

Wifi yako alikuwa bado kwenye zamu yake ya kuoka mikate. Nikajilaza hapa kwenye kochi. Lilikuwa joto lile la kabla ya mvua, pazia linapumua, redio ya jirani inaongea mbali sana. Sijui nililala au sikulala. Nilikuwa mtoto tena, Dada. Baba alikuwa anapiga randa uani, na maranda yalianguka polepole mno, hayafiki chini. Nikasikia kandambili zikiburuzwa kwenye ujia, mlango wa friji ukifunguka, maji yakichuruzika bombani. Nikasema moyoni, huyo ni Mama anapika, nitaamshwa chakula kikiwa tayari. Nilitamani nisiamke kabisa.

Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya, na mlango wa chumba cha Mama umerudishwa. Nikafungua friji. Juu ya kifuniko cha bakuli kulikuwa na kijiko, kimelazwa kifudifudi.

Unakikumbuka kijiko kile. Baba na Mama wote wawili walikuwa na mkono wa kutia chumvi, na kila mmoja akipita karibu na chungu hakuweza kujizuia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wakapatana: aliyetia chumvi alaze kijiko juu ya kifuniko, mwenzake akikiona apite zake. Nikadhani nimekilaza mwenyewe kwa mazoea, usingizi ukanisahaulisha. Sikuwaza zaidi.

Nilivikaanga vipande kidogo hadi ngozi ikawa ya dhahabu, nikamimina rojo la viungo lililobaki bakulini, nikafunika na kuviacha kwenye moto mdogo. Harufu ilijaa nyumba nzima. Wifi yako aliingia na unga kwenye nyusi, akauliza kama tumehamiwa na watu wengine. Nikampelekea Mama paja chumbani, nikarudi mezani.

Wifi yako akatia tonge kinywani, macho yakamtoka. "Mume wangu, hii nyama au chumvi yenye mifupa?"

Nikaonja. Dada, ulimi ulitaka kukimbia. Nikaapa kwamba nilitia kijiko kimoja tu, tena cha chai. Tunabishana hivyo, mara tukasikia kandambili. Mama kasimama mlangoni, sahani mkononi, uso wa zamani kabisa, ule wa mwiko.

"Nani alitia chumvi kabla yangu?"

Kabla yangu, alisema. Wifi yako alinishika mkono chini ya meza.

"Mimi, Mama."

"Na kijiko umekiweka wapi?"

Sikukilaza, Dada. Ningekilaza kwa ajili ya nani? Kijiko ni cha nyumba yenye wapishi wawili, na mimi nilishajihesabu niko peke yangu.

"Nimefungua, hakuna kijiko," akasema. "Nami nikatia. Nitajuaje? Baba yenu alikuwa mbishi, lakini kijiko hakusahau hata siku moja." Akaweka sahani mezani, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Halafu akaniambia, "Unakodoa macho nini? Menya viazi. Na wewe mkwe wangu, lete mtindi mwingine."

Akaingia jikoni. Tukamfuata. Viazi vikanywa chumvi, mtindi ukapoza, na tukala tukiwa tumesimama pale pale jikoni, sufuria katikati. Mama alimaliza paja lake na kunyang'anya bawa langu. Hakunishukuru hata kidogo. Nililia, nikasingizia vitunguu, na hakuna aliyeniamini.

Kwa hiyo njoo, Dada, ila njoo kutembea. Uje kula. Usije kumchukua.

Nisalimie Shemeji, umwambie stuli yake iko tayari. Mbusu Kibogoyo kwenye pengo. Shangazi naye umfikishie kwamba tunamwombea macho yake. Mungu awalinde huko mliko, awape riziki yenye ladha na watu wa kula nao.

Nilikuwa nifunge barua hapa, lakini ngoja. Wifi yako yuko kazini, nyumbani tupo watu wawili tu, mimi nimekaa na kalamu. Na sasa hivi, huko jikoni, nimesikia kijiko kikilazwa juu ya kifuniko.

Wako akupendaye, na leo ameshiba,
Kitindamimba