Baba, Nimesimulia Nakhla Yote

Baba,

Jumapili nilisimama mbele ya watu. Mimi, niliyekuwa nakunong'oneza dukani ili wewe ndiye umwambie muuzaji ninachotaka.

Tangu ututoke, darasa lako la dini la chumba cha nyuma hapa mtaani La Rochelle lilifungwa. Kisha Mzee Hamisi wa kamati ya msikiti akasema watoto wa darasa lako lazima watoe kisa kwenye hafla ya Rajabu, na kwa kuwa nimemaliza shule, nisimulie mimi. Nikachagua kisa cha Nakhla, kile ulichokuwa ukituigizisha.

Ulikuwa ukirudi kutoka lindo Hillbrow, sare bado mwilini, unatupanga: huyu kiongozi, hawa kikosi chake. Kiongozi unampa barua ya Mtume iliyokunjwa, asiifungue mpaka atembee siku mbili, yaani aende kwenye robot, zile taa za barabarani, na kurudi mara mbili. Ndani imeandikwa waende Nakhla wakapeleleze habari za Makureshi, na asilazimishwe mtu. Mimi kila mara niliomba kuwa mmoja wa wale wawili waliobaki nyuma kumtafuta ngamia aliyepotea. Ukacheka: "Binti yangu, huyo ngamia utamtafuta mpaka lini?"

Ijumaa Mzee Hamisi aliniita. "Mwanangu, pale walipoua mtu ndani ya mwezi uliokatazwa vita, paruke. Majirani wasio wa dini yetu watakuwepo. Tutaonekanaje?" Nikaitikia tu. Unajua sijui kumkatalia mtu mzima. Lakini njia nzima nilisikia neno lako: "Ukiwaficha watoto kosa la masahaba, nao watakuficha ya kwao."

Basi nikasimulia yote. Kwamba hawakuagizwa kupigana. Kwamba walisitasita kwa kuwa Rajabu, mwezi huo uliokatazwa vita, ilikuwa haijaisha, kisha wakauvamia msafara, mtu akafa. Wakarudi Madina na mateka na mali, na Mtume akakataa kugusa chochote. Hapo sauti yangu ikakatika. Mzee Hamisi anatazama sakafu. Nilitaka kukaa, Baba.

Zuberi, yule mtoto wa Mama Furaha msusi, asiyejua kunyamaza, akapaza sauti: "Dada, halafu? Eish, usiwaache hapo."

Nikacheka, mbele za watu. Nikaendelea mpaka aya iliposhuka: kupigana katika mwezi huo ni jambo kubwa, na kuwatoa watu makwao ni kubwa zaidi mbele ya Mungu. Akina mama wa Kongo na Burundi, waliokimbia makwao, waliinua vichwa. Mama Furaha alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mzee Hamisi alinifuata nje. Nilijiandaa kugombezwa. Akasema, "Baba yako naye alikuwa hasikii la mtu," akanishika bega, akaenda zake.

Sijawahi kuona fahari kama ile ya kufananishwa nawe.

Watoto wanarudi Jumamosi, na mwalimu ni mimi. Bado naona haya nikisimama mbele yao. Pumzika, Baba, Mola akupe nafasi pana huko. Nakuahidi, hakuna mtoto wa darasa lako nitakayempa kisa nusu.

Binti yako,
Salma