Simu ya Adui Iko Juu ya Kabati

Mwanangu amefunga kiwanda chake cha simu, na ndugu arobaini na mmoja wanakuja nyumbani kwangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuona uzinduzi wa simu ambayo haipo!

Samahani, mpendwa mshauri, hata sijakusalimu, moyo umeutangulia mdomo. Habari za kazi? Mimi ni mshona mapazia, naisoma safu yako miaka mingi nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nawacheka wanaokuandikia, nasema hawa hawana ndugu wa kuongea nao, na leo kalamu nimeishika mwenyewe, kwa hiyo ukicheka sitakulaumu.

Kwanza nikwambie huyu mwanangu ni nani. Ni kitinda mimba wangu, mtaa mzima unamwita Injinia, na jina hilo hakulipata kwa kubembeleza, maana akiwa darasa la sita alifungua redio ya jirani iliyokuwa imekufa, akairudishia, zikabaki skrubu mbili mkononi na redio ikaimba kuliko zamani. Alisoma mpaka nikachoka mimi niliyekuwa namwangalia. Akafanya kazi kwa watu, kisha yeye na wenzake wanne wakapanga vyumba viwili juu ya duka la rangi, wakaanza kuunda simu zao. Kuunda, mshauri, si kuuza! Vipande vinakuja kwenye makasha, wao wanaviunganisha kimoja kimoja wamevaa glovu nyeupe kama madaktari, na ile ya kwanza kabisa kuwaka alinipa mimi mama yake. Inakaa na chaji siku tatu. Huwa nawauliza wenye simu za majina makubwa, ya nani hapa inakaa siku tatu? Wanaanza kutafuta soketi.

Na mimi sikukaa bure. Unajua simu ikiwa ya kampuni kubwa kava zake zinauzwa kila kona, hata kwenye duka la sabuni utazikuta zinaning'inia, lakini simu ya mwanangu haikuwa na kava popote, maana nani atajisumbua kutengeneza kava ya simu iliyonunuliwa na watu wachache? Basi nikachukua mabaki ya mapazia nikashona mwenyewe, kava mia saba, zina bitana ndani na kifungo juu. Akaja mteja mmoja akaomba auziwe kava bila simu. Injinia alicheka siku nzima, akasema, "Mama, kampuni ni yako, mimi umeniajiri." Ndipo wakaanza kuniita Mama Kiwanda, na mimi jina nikalivaa kama nguo ya sikukuu. Ndugu zangu wote niliwauzia zile simu. Sikuwaomba wanunue, niliwatangazia tu kwamba wamenunua.

Sasa sikuelewa kwa nini haziendi madukani, mpaka siku nilipoongozana naye kwenye duka moja la simu, nikakuta simu za wakubwa zimepangwa mbele chini ya taa, na za mwanangu ziko rafu ya chini kabisa karibu na nyaya za chaji. Nikamuuliza mwenye duka, "Baba, hizi ni simu au ni viatu, mbona umeziweka sakafuni?"

Akasema bila ubaya, "Mama yangu, bango lililo nje wamenipa wao, rangi ya ukuta wao, hata hii fulana niliyovaa ni yao. Nikimweka mwanao mbele yao, nivue fulana?"

Akaingia mteja, mwanamke wa makamo kama mimi, akaichukua ile simu, akaigeuza, akasema nzuri. Kisha akauliza, "Kioo kikipasuka, fundi gani anacho? Na nikiichoka, nani atainunua?" Akairudisha taratibu kama anayemlaza mtoto wa watu.

Tukiwa njiani Injinia akanieleza, "Mama, wauza vioo wanamhudumia kwanza anayeagiza milioni. Sisi tunaagiza elfu mbili, kwa hiyo tunauziwa ghali na tunakaa mwisho wa foleni. Kioo kikifika, wenzetu wameshatoa simu nyingine. Ni kama wewe ununue mita sita za kitambaa na mwenzako anunue majora mia." Hapo nikaelewa, tena nikaelewa kwa uchungu, maana kazi ya mapazia ya hoteli ya pale kona ilinitoka hivyo hivyo.

Halafu kijana wao wa programu akachukuliwa na kampuni kubwa, na simlaumu, naye ana watoto. Lakini alipoondoka hakubaki wa kuziwekea programu mpya, zile simu zikaanza kuzeeka ndani huku nje zinang'aa. Siku moja ule mtandao wa ujumbe tunaoutumia ndugu wote, wenye kundi letu la ukoo, ukaniandikia kwenye kioo kwamba hautafanya kazi tena kwenye simu ya aina hii. Nikausoma mara mbili, nikaufuta, nikanyamaza. Nilijua Injinia akijua ataumia, na ndugu wakijua watacheka. Kumbe ndugu zangu wote walishanunua simu nyingine, zetu wameziweka droo, hakuna aliyeniambia.

Mshauri, sikujua kwamba nyumba inaweza kuwa kimya hivyo. Miaka yote ile simu ilikuwa ikilia tuu, tuu, tuu tangu asubuhi, huyu ameweka picha ya mguu uliovimba, yule anaomba dua, huyu anagombana na shemeji yake, na mimi nikawa nalalamika kwamba wananisumbua nishindwe kushona. Sasa ikawa iko pale kando ya cherehani, chaji imejaa, siku tatu, siku sita, siku tisa, haisemi neno. Nikawa naiinua kuangalia kama inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri sana.

Miezi miwili baadaye kiwanda kikafungwa. Wenzake wakapeana mikono pale ngazini, yeye akaleta makasha ya simu ambazo hazikuuzwa, akayapanga kwenye chumba cha uani mpaka dirisha likazibwa, akawa anashinda humo anazifungua moja moja na kuzifunga tena. Wiki iliyofuata akatoka ameshika boksi jipya, jeupe, la kampuni ile kubwa kuliko zote, ile ambayo mabango yake yamefunika mji. Akaniambia, "Mama, nimeona simu yako haiiti tena. Kosa ni langu. Tumia hii." Baadaye nikaja kujua kwamba aliuza ile meza yake ndefu ya kazi kuipata.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Kitu cha adui hakitumiki ndani ya nyumba hii." Nikalichukua boksi nikalitupa juu ya kabati.

Tangu siku ile mwanangu ana neno moja tu, "nimeshiba, mama." Nikimsalimia, nikimwita, nikimgongea, ameshiba. Tupo wawili ndani ya nyumba moja na kila mtu yuko peke yake.

Sasa kosa langu kubwa ni hili. Nilikwenda kupima macho, kwenye benchi nikamkuta mdogo wangu, mwalimu wa chekechea, mwenye ulimi kama wembe. Akanionyesha picha ya mtoto mnene hana hata jino. Nikauliza wa nani. Akanitazama. "Dada, huyu ni mjukuu wangu. Binti yangu amejifungua, mtoto ana miezi mitatu. Picha tuliiweka kundini siku ile ile, watu wote wamepongeza isipokuwa wewe."

Nikasema nilibanwa na kazi. Ningesema nini?

Akacheka kile kicheko chake. "Kazi ipi, Mama Kiwanda? Au umekuwa mkubwa, sisi wadogo hatujibiwi? Hebu tuambie, kiwanda bado kinatoa moshi?"

Mshauri, ulimi hauna mfupa. Nilisikia nikisema, "Kinatoa moto kabisa! Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunazindua simu mpya, nyumbani kwangu, njooni wote mjionee." Jioni yake akanipigia, ndiyo, kupiga kwa kawaida simu yangu inapiga, akasema, "Dada, nimeitangaza kundini, watu arobaini na mmoja wamesema wanakuja." Nikamjibu, karibuni sana.

Injinia hajui lolote. Nikitaka kuahirisha lazima niingie kundini, na ili niingie kundini lazima nilifungue lile boksi, na nikilifungua nitakuwa nimemzika mwanangu kwa jembe la waliomuua. Nisipolifungua, watu watakuja, watakaa kwenye viti vyangu, watauliza simu iko wapi, na mwanangu atatoka chumbani akiwa na singlendi. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mama Kiwanda

JIBU LA MSHAURI

Mama Kiwanda,

Nimecheka kwenye kava peke yake. Kwingine sikucheka.

Pole, dada yangu. Kukaa kando ya simu isiyolia ni adhabu, na wewe umejifunga adhabu hiyo mwenyewe kwa ajili ya mtoto. Mapenzi hayo nayaona. Sasa nisikilize, maana nitasema kwa ukali kidogo.

Boksi usilisingizie. Umeniandikia mwenyewe kwamba simu yako inapiga. Mdogo wako alikupigia, ukawa na nafasi ya kusema "sikia, nilidanganya," ukasema "karibuni sana." Kilichokwama pale ni ulimi wako, na ulimi hauwekewi programu mpya.

Na huyo adui unayemsema ni nani? Adui ni mtu anayekujua, akakukusudia. Hao wenye mabango hawajui kama mwanao yupo duniani. Wana vioo vya kwanza kwenye foleni, wana ukuta wa mwenye duka na fulana yake, wana fundi kila kona na kava hadi kwenye duka la sabuni. Mwanao aliingia humo na wenzake wanne na mama mwenye cherehani, akatoa simu inayokaa na chaji siku tatu. Asingekuwa hodari asingefika hata kwenye ile rafu ya chini. Hajafa, kwa hiyo acha habari za jembe. Kazi yake ndiyo imekufa, na msiba wa kazi nao una waombolezaji. Wewe umemnyima mwanao waombolezaji, ukamfichia msiba.

Nirudi kwenye lile boksi. Huyo kijana amefunga kila alichokijenga, amerudi na makasha yaliyoziba dirisha, na katika huzuni yote hiyo akasikia kitu ambacho wewe ulikuwa unakificha: kwamba simu yako imenyamaza. Akauza meza yake. Akameza fahari yake, akaingia kwenye duka la hao hao waliomshinda, akanunua, akakuletea ndugu zako ndani ya boksi. Wewe ukawatupa juu ya kabati. Halafu unashangaa kwamba ameshiba?

Fanya hivi, na ufanye leo ukimaliza kusoma gazeti.

Shusha boksi. Usilifungue peke yako. Chukua ule utepe wako wa kupimia nguo, nenda kwenye chumba cha uani, ukae juu ya kasha mojawapo hata kama hujakaribishwa. Mwambie: "Mwanangu, nilikukosea. Nifungulie hii, kisha nipimie, nataka kuishonea kava." Asipojibu, ubaki hapo hapo. Wewe umekaa na simu isiyosema miezi yote hii, hutashindwa kukaa na mwanao robo saa.

Akishapima, mwambie habari ya uzinduzi. Yote, pamoja na ile ya moto na moshi. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, hayo ndiyo yatakuwa maneno yake ya kwanza zaidi ya mawili tangu umkatae, nawe yapokee kama chai ya moto, kidogo kidogo.

Wageni usiwaahirishe. Ndiyo, umesoma sawasawa. Anayefungua kazi anaitiwa watu, na anayefunga anaachwa na makasha. Waje. Na zile simu walizoziweka droo waje nazo. Najua zinakuuma, lakini uliwauzia bila kuwauliza, wakanunua kwa kukupenda na kwa kukuogopa, usiwadai zaidi ya hapo. Injinia amesikia maneno ya wenye maduka na wauza vioo, hajawahi kumkalisha chini mtu aliyeishi na simu yake mwaka mzima akamwambia ilimfaa wapi na ilimshinda wapi. Siku hiyo atawapata arobaini na mmoja. Atakachofanya na maneno yao ni juu yake, usianze kumtangazia kiwanda kingine.

Mdogo wako atatoa ulimi wake, hilo siwezi kukuzuilia. Mpe chai aendelee.

Ujumbe nimekuandikia, kwa sababu nakujua sasa, nikikuachia utaweka chumvi. Uuandike mwanao akiwa ameketi kando yako, na usiongeze hata neno moja la chaji:

"Ndugu zangu, kwanza hongera kwa mama wa mtoto, nimechelewa kwa miezi mitatu na naomba radhi. Simu yangu ilikuwa haipokei habari zenu, nikaona aibu kusema. Simu mpya hakuna, nilidanganya. Kiwanda kimefungwa. Mwanangu yuko nyumbani, mimi niko nyumbani, na nyumba ni kimya. Njooni hivyo hivyo. Mwenye simu yetu kwenye droo aje nayo, hataulizwa kwa nini iko droo. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, wote arobaini na mmoja, na mtoto."