Picha ya Pili ya Kichwa Changu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepigwa picha ya kichwa. Si ya mifupa — ya ubongo wenyewe ukiwa kazini. Kliniki ya uraibu wana utafiti, wakaniomba, nikakubali. Nani mwingine ananiomba kitu siku hizi.

Mtu wa mashine akauliza kama nina chuma chochote mwilini. Nikasema sina. Akanionyesha kola yangu: pini mbili. Fundi cherehani hajijui. Tukacheka wote wawili. Sijacheka na mtu muda mrefu.

Ndani ya lile bomba ni kelele tupu, kama mtu anagonga bati. Ukae bila kutikisika. Juu ya macho kuna kioo, picha zinapita. Kiti. Mti. Kikombe. Halafu vidonge. Vyeupe, vya maumivu, kama vile nilivyoanza kupewa baada ya upasuaji wa mgongo. Vikapita. Sikuona hamu yoyote. Nikajisifu moyoni: nimepona.

Nimerudi chumbani. Nimekula nimesimama.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari wa utafiti amenionyesha. Picha zinafuata damu inakokimbilia, maana ndiko ubongo unakofanya kazi. Kiti — kimya. Vidonge — sehemu ndogo, ndani kabisa, imewaka kama kaa la moto.

Nikamwambia, lakini mimi sikuvitamani.

"Najua," akasema. "Kichwa kilitangulia, wewe ulikuwa hujafika."

Akajigusa paji la uso. Huku mbele ndiko kunakosema ngoja kwanza. Kwangu kumefifia. Vidonge ndivyo vilivyokizoesha kichwa hivyo, kwa hiyo kuniambia nijikaze tu si matibabu. Kuna dawa ya kupunguza hamu. Kuna kikundi cha mazungumzo. Na nijue vitu vinavyoniwasha kabla havijaniwasha — kama lile duka la dawa la kona. Nipite njia nyingine.

Nikaomba nakala nimpelekee dada. Akasita. Picha ya mtu mmoja si hukumu, akasema, na wala si cheti. Lakini alinipa.

Jumapili, 9 Machi
Dada amenipokea mlangoni, na hapo hapo mlangoni tukaishia. Mama alikuwa ndani, namsikia akikohoa. Tangu vidonge vyake vya maumivu ya nyonga vilipoanza kupungua kwa mkono wangu, sivuki kizingiti.

Nikampa picha. Akaigeuza juu chini. "Hii kabichi ndiyo wewe?"

Nilidhani atacheka. Akasema: "Mdogo wangu, mimi nilikuona kwa macho yangu ukimwangalia mama analia na maumivu. Picha itaniambia nini zaidi?"

Nimerudi kwa miguu, njia ndefu, ile isiyo na duka.

Jumamosi, 17 Mei
Sare za shule. Kushona, kulala, kushona. Watu wa kikundi ndio pekee ninaoongea nao, na tunaongea jambo moja tu. Siku nyingine naongea na cherehani. Haijibu, afadhali.

Leo mteja kafungua mkoba atoe kitambaa, nikaona pakiti ya vidonge. Viganja vikalowa jasho. Safari hii nikajua ni nini. Nikamwambia nakuja, nikatoka nje, nikasimama nikitazama nguo za jirani kwenye kamba. Nikangoja. Ikapita.

Sikuwa na wa kumsimulia.

Jumanne, 22 Julai
Picha ya pili. Daktari amefurahi, kule mbele kumeamka. "Breki zinarudi," akasema. Nikauliza, na kule ndani?

Akasogeza kiti. Bado kunawaka. Kidogo kuliko mwanzo, lakini kunawaka. Kwa wengine hukawia sana kutulia. Kwangu je? Hajui, na picha haitabiri.

Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Kama mtu anayekwenda kukabidhiwa kitu.

Alhamisi, 24 Julai
Dada amepiga simu. Yeye mwenyewe. Jumamosi kazini wanamtuma safari, wiki nzima, na hana wa kumwachia mama. Amesikia nimebadilika, hata nimenenepa. Mama ndiye aliyesema apelekwe kwangu.

"Utaweza?" Kwa ile sauti ya zamani, ya enzi za kunisuka nywele.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nimefua mashuka. Kitanda nimekisogeza dirishani, mimi nitalala chini. Nimejikuta naimba.

Kisha nikakumbuka: mama haendi popote bila vidonge vyake.

Ijumaa, 25 Julai
Sijashona chochote. Nikimwambia dada, hamleti. Nisipomwambia — mama, pakiti na mimi, chumba kimoja, na mimi ndiye wa kugawa.

Jioni nikapiga. Nikamwambia yote. Kwamba mbele kumeamka, ndani bado kunawaka. Kwamba namtaka mama aje kuliko kitu chochote. Kwamba vidonge visipite mkononi mwangu: nesi wa kliniki anakaa mtaa wa pili, amekubali kuvitunza na kuja kumpa mama asubuhi na jioni.

Dada akasema: "Kwa hiyo hujapona."

"Natibiwa, dada."

"Sikukuuliza hivyo."

Akasema atafikiria. Akakata.

Jumamosi, 26 Julai
Asubuhi hakuna simu. Nesi amepita, ameangalia kitanda kitupu, ameondoka. Nimepika chakula cha watu wawili, kimepoa. Mchana nikakubali kwamba ndiyo basi, nikakaa kwenye cherehani. Uzi ukakatika, nikauacha hivyo hivyo, nikachukua kalamu.

Gari limesimama nje.

Nimechungulia. Dada anamshusha mama, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili. Begi la nguo lipo chini. Kuna na mfuko mdogo, huo dada ameubana kwapani, hauachi. Ametazama juu, ameniona. Hakutabasamu. Hakununa pia.

Wako kwenye ngazi sasa. Mama anauliza kwa sauti, ni mlango upi? Dada bado hajamjibu.