Wageni Mlangoni kwa Mize

Jumatatu, 4 Agosti
Nshapika mikate ya kumimina, Haji kala yote. Bibi umekula? Hakuuliza. Mjukuu gani huyu. Siku hizi anazungusha wageni kwa gari: Mji Mkongwe, Kizimbani kuona viungo, kisha Fumba. "Njia ya Wazee Wetu," ndivyo anavyoiita. Kabandika ramani sebuleni kwangu. Kituo cha mwisho kakitia rangi nyekundu. Nikamuuliza wapi hapo.
"Kwa Bibi Mize."
Mize ndugu yangu, mdogo wangu! Kafiwa na mume mwezi wa tano, yumo edani. Haonani na wanaume wa kando. Hata mlangoni hatoki.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemsema Haji mpaka koo limeniuma. Ati wageni hukaa barazani tu, wakatazama ukili unavyosukwa. Ati nyumba isiyo na mtu haina ladha.
"Basi walete hapa Mpendae, wanitazame mie ninavyokutukana."
Kacheka. Mpumbavu.

Alhamisi, 7 Agosti
Jirani kanionesha simu yake. Mize, dirishani, kichwa wazi, anachambua mchele. Picha kaiweka Haji mwenyewe, anatangaza safari zake. Mtu hajamaliza kumlilia mumewe, keshafanywa tamasha.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda Fumba. Nikatandika mkeka mlangoni kwa Mize, nikakaa, bakora mapajani. Gari ikaja. Wageni watano, kamera shingoni. Haji akashuka wa kwanza.
"Shikamoo Bibi."
Sikuitikia. Sijapata kumfanyia mtu jambo hilo tangu nizaliwe.
"Waambie humu ndani mna mfiwa," nikasema. "Kwa hicho Kizungu chako kizuri. Na waambie wewe ulijua."
Kawaambia. Mzungu mmoja mzee akavua kofia. Ana adabu kuliko damu yangu. Wakaondoka.
Naingia ndani, Mize analia. Nikadhani ya picha. Picha imemchoma, ndiyo. Lakini kasema, "Dada, sauti ya Haji nilikuwa naisikiliza ukutani. Anavyoieleza hiyo njia, miti, mashamba. Mie naona kuta tu."
Hasira zangu sikujua nizipeleke wapi.

Jumapili, 24 Agosti
Haji kafuta picha. Na ramani kaibadilisha, inaishia ufukweni. Kila asubuhi shikamoo. Kila asubuhi nageuza uso. Sijapoa.

Jumatatu, 15 Septemba
Jana Mize katoka eda. Tumemkosha, tumemfukiza udi, kavaa kanga mpya. Kaomba kitu kimoja: apitishwe njia ile.
Haji kaja na gari tupu. Tumekaa nyuma, kama wageni.
"Eleza," Mize akamwambia. "Usiruke kitu."
Kizimbani kasema karafuu huchumwa ikishachanua. Ikishachanua! Huchumwa kabla! Sie tuliochuma tangu meno ya utoto! Nikafungua mdomo. Mize akanifinya paja. Nikaufunga.
Njia nzima dirisha lake wazi. Upepo unampiga usoni, anatazama tu.
Tumemrejesha kwake. Mimi kanishusha Mpendae, kanifungulia mlango wa gari.
"Shikamoo Bibi."
Nimemwitikia.